Tusiuze mashamba kununua kazi ya serikali

Kila mara tangazo la kuwaandika makurutu wa jeshi au wa polisi linapochapishwa, biashara mbili hushamiri katika kaunti za Kisii na Nyamira. Ya kwanza huonekana mchana. Vijana hununua raba za kukimbilia, hutoa nakala za vyeti, na hupiga mbio alfajiri kando ya barabara za Keroka, Ogembo na Ikonge. Biashara hiyo haimdhuru mtu. Ya pili hufanywa usiku, milango ikiwa imefungwa. Baba huitwa pembeni na mtu ambaye husemekana kwamba anajua watu, hutajiwa bei, na kabla ya wiki kwisha, ng'ombe wa maziwa, mikaratusi ya mpakani au kipande cha shamba huwa kimepata mwenyewe mpya.

Ninaandika kuhusu biashara hii ya pili. Mimi ni mwalimu wa isimu chuoni, mzaliwa wa Gusii, na kila likizo nirudipo nyumbani huulizwa swali moja na wazazi wa rika langu: "Mwalimu, wewe uliye Nairobi, humjui mtu wa kumsaidia huyu kijana aingie serikalini?" Sijawahi kuulizwa kijana huyo anafaa kazi gani, amesomea nini, wala tangazo linadai nini. Huulizwa kuhusu mtu tu. Imani kwamba serikali ni mtu, wala si utaratibu, ndiyo mama wa hasara yote nitakayoieleza.

Kwa kuwa taaluma yangu ni lugha, nianze na maneno. Katika Ekegusii, kazi huitwa emeremo, na neno hilo lina uhusiano na korema, yaani kulima. Hata Kiswahili kina mzizi huo huo katika lima. Kwa babu zetu, kufanya kazi kulikuwa ni kushika jembe. Neno la pili, egasi, lilitujia kutoka katika Kiswahili, likaja pamoja na ajira na mshahara. Sasa tazama neno serikali. Asili yake ni ya Kiajemi, likapita katika Kiswahili, likafika kwetu kama esirikari. Lakini Wagusii hawakuishia hapo. Walilivika neno hilo kiambishi cha mtu wakapata omosirikari, na maana yake ni askari. Kwa masikio ya wazee wetu, basi, serikali na mwenye bunduki ni shina moja la neno.

Jambo hilo si bahati tu. Serikali ilifika Gusii ikiwa imebeba silaha. Waingereza walitushambulia mwaka wa 1905, na mwaka wa 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa wa utawala aliyekuwa Kisii, nyumba zilichomwa na mifugo ikatekwa. Northcote alipona. Mtumishi huyo wa umma alipanda ngazi za kazi yake hata akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia mwaka wa 1937. Mnamo Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipigania mji wa Kisii wenyewe, na wenyeji walioingia mjini baada ya vita hivyo wakaadhibiwa kwa kunyang'anywa ng'ombe. Serikali ilikuwa kitu cha kuogopwa, na aliyetaka usalama alitafuta njia ya kuwa upande wake. Mwana wa chifu, karani wa mahakama, mkalimani na tarishi walikuwa upande huo. Wengine wote walikuwa upande wa kulipa kodi.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, fikra hiyo haikuzikwa pamoja na bendera ya Mwingereza. Tuliendelea kuiona serikali kuwa mahali pa kuingia ili uwe salama, mithili ya mtu akimbiliaye paa wakati wa mvua. Tena mwaka wa 1971 Tume ya Ndegwa ilikubali kwamba mtumishi wa serikali anaweza kuwa na biashara zake binafsi huku akishika kalamu ya umma. Tangu hapo ofisi na duka vikaanza kukaa chini ya dari moja. Raia aliyeona hayo kwa miaka mingi alihitimisha kwamba cheo ni mtaji. Na mtaji, kama ijulikanavyo, hununuliwa.

Watu hunitajia majina makubwa ya kwetu ili kuthibitisha kwamba bila mkono hufiki popote. Hunitajia Simeon Nyachae, aliyefariki mwaka wa 2021, nao hunikumbusha kwamba alikuwa mwana wa chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari. Ni kweli, na hakuna haja ya kuficha kwamba kuzaliwa katika boma la chifu kulimfungulia njia. Lakini Nyachae alisomea utawala nchini Uingereza, akaingia katika utawala wa mikoa, akawa Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa na baadaye wa Kati, akafika kilele cha utumishi wa umma katika miaka ya 1980, na hatimaye akawa Waziri wa Fedha mwaka wa 1998. Hunitajia pia Lawrence Sagini, waziri wetu katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, wakisahau kwamba kabla ya siasa alishika chaki. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi hupenda kukitazama chombo kikiwa tayari baharini, tukasahau seremala, mbao na misumari.

Isitoshe, tujiulize faida ya kuwa na mtu wetu juu. David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, alikuwa Jaji Mkuu tangu mwaka wa 2016 hadi 2021, na mnamo Septemba 1, 2017 mahakama aliyoiongoza ilibatilisha uchaguzi wa rais. Fred Matiang'i wa Borabu, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, alishika wizara kadhaa kuanzia mwaka wa 2013, ikiwemo ile ya Usalama wa Ndani. Hao ni watu wazito. Lakini hesabu ni hesabu. Jaji Mkuu hana nafasi za kugawa kijijini, na waziri ambaye angethubutu kuwaandika maelfu ya vijana wa kwao angekuwa amevunja Katiba. Ibara ya 232 inasema kwamba watu huteuliwa na kupandishwa vyeo kwa ushindani wa haki na kwa sifa zao, huku jamii zote zikipewa fursa. Ibara ya 241 inataka uongozi wa Majeshi ya Ulinzi uakisi sura ya nchi nzima. Sheria ya mwaka wa 2008 ya utangamano wa kitaifa hairuhusu zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wa taasisi ya umma watoke katika kabila moja. Kwa hiyo mtu wetu anaweza kutupa fahari, lakini hawezi kutupa kazi sote.

Turudi sasa kwenye shamba. Katika sensa ya mwaka wa 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Kisii watu wapatao 958 walikuwa wakiishi katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira 675. Kila aliyekwenda mazishi Gusii anajua maana ya tarakimu hizo. Kaburi huchimbwa hatua chache tu kutoka jikoni, kwa kuwa mahali pengine hapapo. Shamba ambalo babu alilima kwa jozi ya maksai, leo wajukuu wanne wanaligawana kwa kamba. Katika nchi ya namna hiyo, anayeuza robo ekari ameuza zaidi ya mali. Ameuza mahali pa nyumba ya mtoto wa pili, ndizi za mama, na pengine kaburi lake mwenyewe.

Tena mauzo yenyewe aghalabu huwa ya haraka na ya kificho. Sheria inataka ardhi ya kilimo isihamishwe bila idhini ya bodi ya ardhi. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka wa 2013 nayo inataka mke aridhie kabla mali ya familia haijauzwa. Lakini siku ya kuandika makurutu haisubiri bodi. Karatasi huandikwa mezani kwa jirani, wazee wawili hutia sahihi, na mke hupata habari siku anapomwona mtu mgeni akipanda ua katikati ya migomba yake. Ndiyo maana nasema kwamba hongo ya kazi, huku kwetu, hulipwa kwanza na wanawake.

Lugha nayo imesaidia kulainisha uovu huu. Katika Kiswahili cha Kenya hongo ina majina ya upole: kitu kidogo, chai, kumwona mtu. Kwetu jina la chai lina uchungu wa pekee. Mama huamka kabla ya jua, huchuma majani mabichi, huyabeba hadi kituo cha kununulia, nayo hupelekwa kiwandani Nyansiongo, Tombe, Kebirigo au Kiamokama. Hungoja bonasi mwaka mzima. Bonasi ikija, yote humiminwa katika kikombe cha "chai" ya mtu ambaye hajawahi kuchuma hata jani moja. Kama neno lililotumiwa lingekuwa wizi, mzazi angesita. Kwa kuwa ni chai tu, anaona amemkirimu mgeni.

Sasa tuichunguze biashara yenyewe inavyoendeshwa, maana wengi huamini kwamba anayepokea pesa ana uwezo. Hebu chukua tapeli mmoja asiyemjua afisa yeyote, hata koplo. Anakusanya pesa kwa vijana ishirini. Siku ya uwanjani yeye hukaa nyumbani kwake akinywa maziwa. Katika vijana ishirini walio wazima, waliosoma na waliofanya mazoezi, haikosi mmoja au wawili kufaulu kwa nguvu zao wenyewe. Kwa hao wawili tapeli hupokea shukrani na kubaki na pesa zote. Kwa wale kumi na wanane atasema kwamba "mambo yaliharibika juu", atawarudishia wachache nusu ya fedha zao ili wasiende polisi, na waliosalia atawaahidi mwaka ujao. Jina lake halichafuki, bali linakua, kwani kijiji kizima kimewaona wale wawili wakivaa sare. Mtu huyu hajatoa hongo kwa yeyote. Ameuza bahati na jasho la wengine, nasi tumemlipa kwa ardhi.

Kuna na mbaya kuliko huyo. Mara kadhaa imeripotiwa kwamba vijana wamefika katika kambi ya mafunzo ya jeshi huko Eldoret wakiwa na barua za mwito ambazo ni bandia. Badala ya kupewa sare walikamatwa. Waliolipa na kuuza walikuwa wazazi, waliochapisha barua wakatoweka, na aliyelala korokoroni ni kijana aliyedhani anakwenda kulitumikia taifa. Sheria dhidi ya hongo ya mwaka wa 2016 haimwonei huruma mtoaji. Kutoa na kupokea yote mawili ni makosa, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Maana yake ni kwamba baba aliyetapeliwa hana hata mahali pa kushtaki bila kujishtaki mwenyewe. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko wakili.

Msomaji mmoja atanijibu: "Haya ni maneno ya darasani. Uwanjani kila mtu analipa, na asiyelipa hurudi nyumbani." Sikatai kwamba ufisadi upo. Mahakama yenyewe imeuthibitisha. Mnamo Julai 14, 2014, vijana 10,000 waliandikwa kuwa polisi kote nchini kwa siku moja. Malalamiko yalikuwa mengi hata IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, ikaenda mahakamani. Oktoba 31 mwaka huo Mahakama Kuu ilifutilia mbali zoezi zima, na mwaka wa 2015 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Tafakari hukumu hiyo ilivyowaangukia watu. Aliyelipa alipoteza pesa na nafasi. Asiyelipa, aliyefaulu kwa mbio zake na vyeti vyake, naye alipoteza nafasi kwa sababu ya dhambi za mwenzake. Mchuma janga hula na wa kwao. Kwa hiyo hata pale ambapo hongo inapokelewa kweli na afisa wa kweli, bado hainunui kitu cha kudumu.

Tuseme basi kwamba imefaulu, kijana ameingia, na hakuna aliyejua. Bado deni halijalipwa. Konstebo aliyenunuliwa kazi kwa ekari ya baba yake anajua kwamba nyumbani wanangoja ekari hiyo irudi. Mshahara wa konstebo hauwezi kuirudisha upesi. Atasimama barabarani, na bei ya shamba la Gusii italipwa na abiria wa matatu kule Kitui au Kilifi, shilingi hamsini kwa mia. Na abiria wetu wanaosafiri kutoka Kisii hadi Sotik nao wanalipa bei ya mashamba ya watu wengine wasiowajua. Huo ni mviringo, na sisi tumo ndani yake tukijidhania werevu.

Hali ya jeshi ni nzito zaidi. Wazazi wengi huliona jeshi kama mshahara usiokosa na matibabu ya bure. Wamesahau kwamba tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekuwa vitani Somalia, na kwamba asubuhi ya Januari 15, 2016, kambi ya El Adde ilishambuliwa na majeneza yakarudi katika kila pembe ya nchi. Kazi hiyo inadai moyo ambao haununuliwi. Mtu aliyejitoa mwenyewe, anayejua anachoapia, anaweza kuubeba uzito huo. Kijana aliyesukumwa huko kwa sababu shamba limekwisha kuuzwa hana njia ya kurudi hata akigundua siku ya kwanza kwamba kazi hiyo si yake. Tumempa bunduki na deni kwa wakati mmoja.

Swali la haki ni hili: kwa nini tapeli hupata soko kwa urahisi namna hii? Umaskini ni jibu moja, lakini halitoshi. Jibu jingine liko katika taaluma yangu. Matangazo ya kazi za umma, kwa kawaida, huchapishwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kisheria chenye sentensi ndefu. Mzazi aliyeishia darasa la saba hawezi kujua tangazo linadai nini na halidai nini. Anahitaji mfasiri, na mfasiri wa kwanza kubisha hodi ni yule yule anayejua watu. Yeye ndiye atakayemwambia kwamba kuna "gharama za usajili", ingawa jeshi hutangaza kila mwaka kwamba kuandikwa hakulipiwi hata senti moja.

Ajabu ni kwamba dola yenyewe inakitambua Kiswahili pale inapopenda. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika masharti ya polisi, anayetaka kuwa konstebo amekuwa akidaiwa wastani wa D+ katika mtihani wa kidato cha nne, na D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Kile kiunganishi kidogo, au, kina uzito mkubwa. Kinakiri kwamba mtu anaweza kuwa mlinzi mwema wa raia kwa Kiswahili chake. Lakini ikiwa Kiswahili ni ufunguo halali wa mlango, kwa nini maandishi ya mlangoni yawe kwa lugha nyingine? Nadai kwamba kila tangazo la Tume ya Utumishi wa Umma, la jeshi, la polisi na la bodi za kaunti lichapishwe kwa Kiswahili pia, kwa sentensi fupi, nalo libandikwe katika ofisi ya kila chifu na kwenye kila kituo cha kununulia chai. Hatua hiyo ingegharimu karatasi na gundi, na ingemnyima tapeli mtaji wake mkubwa, ambao ni ujinga wetu kuhusu masharti.

Masharti hayo, yakisomwa mapema, humwongoza mtoto. Matangazo ya jeshi ya miaka ya karibuni yamekuwa yakimtaka kurutu wa kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26, wastani wa D+ na kimo cha futi 5 na inchi 3. Lakini anayetaka kuingia kama kadeti ili awe afisa hudaiwa wastani wa B, tena alama nzuri za Kiingereza na hisabati. Mtoto wa kidato cha pili akiambiwa hivyo, ana miaka miwili ya kujitengeneza. Akiambiwa siku ya uwanjani, hana ila kulia. Ekari tunayoiuza kwa ajili ya D+ ingeweza, miaka minne kabla, kubaki mahali pake na kumlipia karo ya kufikia B kwa mavuno yake.

Tena serikali si bunduki peke yake, hata kama neno letu omosirikari linatuambia hivyo. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, kaunti zimekuwa waajiri wakubwa wa wauguzi, maafisa wa kilimo, walimu wa chekechea, wahasibu na wapima ardhi. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka wa 2012 imeunda vyeo vya msimamizi wa kaunti ndogo, wa wadi na wa kijiji, kazi za utawala ambazo zamani zilikuwa ndoto kwa asiyekuwa na jamaa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Tume ya Utumishi wa Umma nayo ina mpango wa kuwafunza kazi wahitimu kwa mwaka mmoja. Huko Kabete, Chuo cha Serikali cha Kenya, kilichorithi mwaka wa 2012 kazi ya chuo cha utawala kilichoanzishwa mwaka wa 1961, kinawafundisha watumishi kupanda ngazi. Ni mara ngapi umesikia baba wa Nyamira akimwambia mwanawe asomee upimaji ardhi ili aiombe kazi ya kaunti?

Katika sheria hiyo ya mwaka wa 2012 pana kifungu ambacho Wagusii hatujakitumia ipasavyo. Bodi ya Utumishi wa Umma ya kila kaunti hutakiwa kuhakikisha kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zimekwenda kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti ile. Sisi hukisikia kifungu hicho kama tishio, kwamba wageni watachukua nafasi za Kisii. Ukikisoma vizuri, kimetufungulia mlango katika kaunti arubaini na tano nyingine. Muuguzi wa Nyamira ana haki ya kuomba kazi Narok, Kericho, Migori au Lamu, na bodi ya huko ina wajibu wa kumfikiria. Kwa watu walio wengi kama sisi, katika eneo dogo kama letu, hakuna sheria yenye manufaa zaidi. Lakini ili itufae huko, ni lazima tuiheshimu hapa. Hatuwezi kudai asilimia 30 ya Kericho huku tukimfukuza Mkipsigis mlangoni Nyamira.

Na katika kaunti zetu wenyewe, ule ugonjwa wa mtu wetu umepungua ukubwa bila kupungua sumu. Nairobi tulisema mtu wetu tukimaanisha kabila. Kisii tunasema mtu wetu tukimaanisha ukoo, na gavana akitoka Nyaribari, Bogetutu au Bobasi, koo nyingine huanza kuhesabu majina ya madereva na makarani. Bodi zingeweza kuyanyamazisha manung'uniko hayo kwa kuchapisha orodha ya walioomba, alama walizopata katika usaili, na walioandikwa. Penye mwanga tapeli hana pa kusimama.

Nimalizie kwa walio na uwezo wa kubadili jambo hili kabla ya tangazo lijalo. Machifu na manaibu wao, msikubali kuwa mashahidi wa karatasi za kuuza shamba msizojua sababu yake. Mwulizeni mke kwanza. Wachungaji na mapadri, mnaosikia siri za familia kuliko mahakama, itajeni hongo kwa jina lake madhabahuni, wala msiiite chai. Walimu wakuu, wekeni masharti ya kazi hizi ukutani, kwa Kiswahili, mahali ambapo mtoto wa kidato cha kwanza atayaona. Nanyi wazazi wenzangu, mtu akija usiku kuwaambia kwamba anajua watu, mwulizeni maswali mawili: atatoa stakabadhi gani, na kama kijana akifaulu kwa mbio zake mwenyewe, pesa zitarudi? Atakapoanza kuzungukazunguka kwa maneno, mwonyesheni mlango. Kijana na akimbie, na asome, na aombe kazi. Shamba na libaki mahali lilipo.